Tusinunue kelele tukidhani ni ulinzi wa gari

Ni nadra siku hizi kuingia katika uwanja wa shule ya sekondari usikute magari manne au matano yameegeshwa chini ya miti. Katika miaka ya tisini, kwenye shule nyingi za mashambani, gari lilikuwa la mwalimu mkuu au la padri wa parokia, na sisi wengine tulikuwa wateja wa matatu na baiskeli. Leo mwalimu wa kawaida huenda katika chama chake cha akiba na mikopo, akakopa, akaagiza Vitz au Probox iliyokwisha kutumika Japani, kisha akakatwa mshahara kwa miaka mitatu au minne. Gari hilo si anasa. Ni jasho lake la miaka minne lililogeuzwa bati na magurudumu. Si ajabu basi kwamba siku chache tu baada ya kulitoa bandarini Mombasa, kila rafiki anayekutana naye humwuliza swali lile lile: umekwisha kulitia alamu?

Hapo ndipo biashara inapoanza. Nenda Luthuli Avenue jijini Nairobi, nenda Kirinyaga Road kwa wauza vipuri, au nenda katika mji wowote wenye gereji tatu, utaonyeshwa vijisanduku vyenye rimoti mbili, king'ora kimoja, fungu la nyaya za rangi zote, na maandishi makubwa yanayotangaza kwamba mwenye gari ataweza kuiwasha injini akiwa bado kitandani. Mimi hufundisha fizikia, na kwa kuwa watu hudhani kila mwalimu wa fizikia ni fundi wa umeme, nimeombwa ushauri juu ya vijisanduku hivyo mara nyingi kuliko nilivyoombwa juu ya mitihani. Maoni yangu ni kwamba alamu iliyofungwa ovyo yaweza kumletea mwenyewe hasara kubwa kuliko kutokuwa na alamu. Isitoshe, kile kitufe cha kuwasha injini kutoka mbali, ambacho ndicho hasa kinachokiuza kijisanduku, aghalabu huliondolea gari ulinzi bora liliokuja nao kutoka kiwandani. Najua madai haya ni mazito, na kwamba wauzaji hawatayapenda. Naomba msomaji anivumilie niyaeleze.

Gari la kisasa haliwaki kwa nguvu za meno ya ufunguo peke yake. Ndani ya kile kichwa cha plastiki cha ufunguo mna chipu ndogo isiyo na betri. Ufunguo unapotiwa mahali pake, koili ya waya iliyoizunguka swichi huipa chipu hiyo nguvu kidogo kwa njia ya sumaku, nayo hujibu kwa kuitaja nambari yake ya siri. Kompyuta ya gari ikiitambua nambari hiyo, injini huruhusiwa kuwaka. Isipoitambua, mwizi anaweza hata kuwa amechonga ufunguo wenye meno sawasawa na ya ufunguo halisi, lakini injini haitashika. Chombo hiki mafundi hukiita imobilaiza. Hakipigi kelele, hakina taa za kumetameta isipokuwa kile kijitaa chekundu kwenye dashibodi, na labda ndiyo sababu wenye magari wengi hawajui kwamba wanacho.

Thamani ya chombo hicho imekwisha kupimwa, na waliopimiwa ni Wamarekani. Umoja wa Ulaya ulilazimisha magari mapya yawe na imobilaiza kuanzia Oktoba 1998. Australia ikafuata mwaka 2001, na Kanada Septemba 2007. Marekani haikulazimisha. Kampuni za Kia na Hyundai, kwa ajili ya kupunguza gharama, ziliuza huko kwa miaka kadhaa magari mengi ya bei nafuu yasiyo na chombo hicho. Katika mwaka 2021 na 2022 vijana wa miji ya Marekani walifundishana kwa video za simu jinsi ya kuyaiba, nao walihitaji bisibisi na ncha ya waya wa kuchajia simu tu. Magari hayo hayo, ya kampuni hizo hizo, yaliyouzwa Kanada ng'ambo ya mpaka, yalikuwa na imobilaiza kwa sababu sheria ya huko iliitaka, na hila hiyo haikuyaweza. Mwanafunzi anayetaka kujua maana ya jaribio lenye kitu kimoja tu kilichobadilishwa na vingine vyote kuachwa vilivyo, hatapata mfano ulio wazi zaidi ya huo.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, mwenye gari na ajue kwanza anacho nini. Mengine katika magari tunayoyaagiza, hasa ya daraja la chini yaliyokusudiwa kubebea mizigo, hayana imobilaiza kabisa. Kujua si kazi ngumu. Kifunike kichwa cha ufunguo kwa karatasi ya fedha ya jikoni, tabaka mbili tatu, ukiuacha mche wake wazi, kisha ujaribu kuwasha. Gari likikataa, chipu imo na inafanya kazi. Likiwaka kana kwamba hakuna kilichotokea, basi huenda ulinzi huo haumo, na hapo alamu yenye kikatizo cha stata ni ununuzi wa busara. Jaribio hili linamfaa pia mwalimu anayetaka kuwaonyesha wanafunzi jinsi metali inavyoyazuia mawimbi.

Sasa turudi kwa kitufe kile cha kuwashia gari kutoka kitandani. Maadamu gari haliwaki bila chipu, na wewe mwenye chipu uko chumbani, injini itawaka vipi? Hili ndilo swali ambalo wauzaji hawalijibu mpaka umekwisha kulipa. Jibu la fundi wa kawaida ni kukuomba ufunguo wa akiba. Huukata kichwa, au huutia mzima katika kijisanduku, akauzungushia waya, kisha akauficha chini ya dashibodi karibu na usukani. Tangu siku hiyo ufunguo wa gari lako unalala ndani ya gari lako. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na sidhani kwamba walikuwa na dashibodi akilini, lakini msemo umefika mahali pake.

Niwe mwadilifu hapa, maana si kila kazi ya namna hiyo ni mbovu. Kijisanduku kizuri huwa na rilei inayouunganisha ufunguo uliofichwa na koili ya swichi kwa muda ule tu ambapo amri ya rimoti imetolewa. Wakati mwingine wote chipu ile imetengwa, na mwizi akija na ufunguo wa kuchonga hapati faida. Kuna pia vifaa vinavyozungumza na kompyuta ya gari moja kwa moja kwa njia ya data, visivyohitaji ufunguo wowote kufichwa. Lakini fundi anayetaka kumaliza kazi kabla ya saa sita huiruka rilei. Huuzungusha waya wa ufunguo ukae umeunganishwa mchana na usiku, kwa kuwa hivyo gari huwaka bila taabu na mteja huondoka akitabasamu. Gari la namna hiyo limerudishwa katika hali ya yale ya Marekani: kuvunja swichi kunatosha. Mteja amelipa ili aondolewe imobilaiza, kisha akapewa king'ora badala yake.

Fauka ya hayo, magari mengi hutufikia kutoka Japani yakiwa na ufunguo mmoja tu. Fundi asipopata wa akiba hupendekeza kunakili chipu, jambo ambalo lafanyika kwa dakika chache kwa mashine inayotoshea mfukoni. Aliyenakili chipu mara moja aweza kuinakili mara mbili. Simtuhumu mtu. Nasema tu kwamba kumwachia mtu usiyemjua gari lako kutwa nzima, pamoja na ufunguo wake na anwani ya nyumbani kwako uliyoiandika kwenye risiti, ni amana ambayo hungempa hata shemeji yako bila kuuliza maswali mawili matatu.

Lakini wizi wa gari si msiba mkubwa kuliko yote. Linalonikosesha raha zaidi ni kitufe hicho katika gari la gia za kubadilishwa kwa mkono, na magari ya namna hiyo yangali mengi katika shule zetu. Tulifundishwa sote, na mwalimu wa udereva alisisitiza, kwamba ukiegesha mlimani uliache gari katika gia. Stata ya gari lililo katika gia haizungushi injini peke yake. Hulisukuma gari zima. Ndiyo sababu magari mengi yana swichi kwenye klachi inayoikataza stata mpaka klachi ikanyagwe. Ili rimoti ifanye kazi, fundi huiunganisha swichi hiyo moja kwa moja, kana kwamba klachi imekanyagwa daima. Kuanzia hapo, rimoti iliyobanwa na vitabu ndani ya mkoba, au iliyochezewa na mtoto mezani, inaweza kuliruka gari mbele mita moja au mbili. Na injini ikishika, gari halisimami hapo.

Mwaka jana mwalimu mwenzangu aliniomba nimsindikize kwenda kulichukua gari lake, Probox ya gia za mkono, kutoka gereji moja mjini. Kazi ilikuwa imekwisha. King'ora kililia vizuri, taa zilimetameta, na injini iliitika kutoka ng'ambo ya barabara. Kwenye kiti cha nyuma nikaliona boksi la alamu, na ndani yake mlikuwamo swichi moja ndogo ya chuma ikiwa bado katika mfuko wake wa plastiki.

"Hii ni ya nini?" nikamwuliza fundi.

"Hiyo haina kazi, mwalimu," akanijibu kwa upole. "Wengi huwa hatuiweki."

Ilikuwa swichi ya boneti. Kazi yake ni moja tu: boneti ikiwa wazi, rimoti ikatae kuiwasha injini, ili mtu anayepima oili asipoteze vidole katika mkanda wa feni. Nikamwomba mwenzangu afungue boneti, akabonyeza kitufe, injini ikawaka feni ikizunguka mbele ya macho yetu. Kijana yule si mtu mbaya. Hajawahi kufundishwa na mtu yeyote swichi hiyo ni ya nini, na maelezo yaliyokuja ndani ya boksi yalikuwa ya Kichina. Mwenzangu alimtaka aikate sehemu yote ya kuwashia injini na kuirudisha swichi ya klachi kama ilivyokuwa, akalipia alamu peke yake. Watoto wake wawili hucheza nyuma ya gari hilo kila jioni.

Vifaa bora vya kuwashia magari ya gia za mkono vipo, nayo hesabu yake ni ya busara: dereva huliacha gari likinguruma likiwa halina gia, breki ya mkono ikiwa imevutwa, hutoka, hufunga milango, na ndipo injini huzimwa kwa rimoti. Mlango wowote ukifunguliwa baadaye, ruhusa ya kuwasha kutoka mbali hufutika, kwa kuwa aliyeingia huenda aliigusa gia. Utaratibu huo hutegemea swichi za milango yote na ya breki ya mkono ziwe zimeunganishwa sawasawa. Katika gari lenye umri wa miaka kumi na ushei, lenye swichi ya mlango iliyokwisha kuota kutu, siwezi kumshauri mwalimu yeyote auweke uhai wa mtoto juu ya waya huo. Ushauri wangu kwa wenye magari ya gia za mkono ni mfupi: achaneni na kitufe hicho.

Wenye magari ya otomatiki wana nafuu, lakini nao wajiulize wanakihitaji kwa nini. Kifaa hiki kilipendwa Kanada na majimbo ya kaskazini ya Marekani, mahali ambapo asubuhi ya Januari joto huweza kushuka nyuzi 20 chini ya sufuri, kioo kikafunikwa na barafu na mtu akashindwa kuufungua mkono wake kwa baridi. Nyahururu na Limuru kuna baridi, sikatai, lakini si ya kiasi hicho, na injini ya kisasa ya petroli haihitaji kuwashwa robo saa kabla ya safari. Huchukua joto haraka zaidi ikiendeshwa polepole. Anayeweza kunishinda kwa hoja ni mwalimu wa Mombasa au Garissa, ambaye gari lake limeokwa juani tangu asubuhi na usukani haushikiki. Huyo akitaka kipoza hewa kimtangulie dakika tano, namwelewa. Ila asifanye hivyo gari likiwa ndani ya chumba au chini ya ghorofa wanamolala watu. Moshi wa injini una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua mtu usingizini. Gazeti la New York Times liliripoti mwaka 2018 kwamba Wamarekani zaidi ya ishirini walikuwa wamekufa tangu mwaka 2006 baada ya magari ya kuwashwa kwa kitufe kuachwa yakinguruma katika gereji za nyumba zao. Wenye magari hayo walikuwa karibu, wakidhani wameyazima. Atakayeiwasha injini akiwa chumba kingine ana nafasi kubwa zaidi ya kujisahau, na kwa hiyo kifaa chochote kisichojizima chenyewe baada ya dakika kumi au ishirini hakistahili kununuliwa hata kwa bei ya bure.

Mintarafu ya kuichagua alamu yenyewe, swali la kwanza lisiwe idadi ya vitufe. Liwe hili: je, rimoti hutuma nambari ile ile kila mara, au nambari hubadilika? Rimoti ya nambari moja ni kama mlinzi anayefungua lango kwa neno lile lile kila usiku. Mwizi akilisikia mara moja kwa chombo chake cha kunasia mawimbi, kesho atalisema yeye. Dawa ya hila hiyo ilipatikana katika bara letu hili. Katika miaka ya themanini kampuni ya Nanoteq ya Afrika Kusini ilitengeneza mfumo wa KeeLoq, ambao hutuma nambari mpya kila kitufe kinapobonyezwa, na mwaka 1995 ukanunuliwa na kampuni ya Microchip ya Marekani, ukaenea duniani. Haukudumu bila doa. Mwaka 2008 watafiti wa chuo kikuu cha Bochum, Ujerumani, walionyesha jinsi siri yake inavyoweza kufichuliwa, na mwaka 2015 Mmarekani Samy Kamkar alionyesha kifaa cha bei ndogo kinachoizuia nambari mpya isifike garini na kuihifadhi itumike baadaye. Hata hivyo tofauti ya nambari inayobadilika na isiyobadilika ingali kubwa kama tofauti ya kufuli na kamba. Muuzaji asiyejua alamu yake ni ya aina gani amekwisha kukujibu.

Kuna pia alamu zinazotawaliwa kwa simu, na vijana wanazipenda mno. Mwaka 2019 wataalamu wa kampuni ya Uingereza iitwayo Pen Test Partners walizichunguza mbili zenye majina makubwa, Viper na Pandora, wakagundua kwamba mtu yeyote angeweza kuiteka akaunti ya mteja mwingine, akajua gari liko wapi na kuzima alamu yake. Magari yaliyokuwa hatarini yalikadiriwa kuwa milioni tatu hivi. Moja ya kampuni hizo ilikuwa imejigamba katika matangazo yake kwamba mfumo wake hauwezi kuingiliwa. Kasoro zilirekebishwa mara zilipotajwa, na hilo ni la kusifiwa. Lakini hizo zilikuwa kampuni kubwa zenye wahandisi wa kuzirekebisha. Ile programu ya simu isiyo na jina la mtengenezaji, inayokuja na alamu ya shilingi elfu chache, nani ataichunguza?

Kazi ya kufunga ndiyo inayotenganisha ulinzi na janga, na hapa wanafunzi wa fizikia wanaweza kunisaidia kukokotoa. Nyaya kuu za swichi ya gari huweza kupitisha mkondo wa ampea 20 au zaidi. Fundi akivisokota viungo kwa vidole na kuvifunga kwa tepu nyeusi bila kuvitia lehemu wala kuvibana kwa koleo maalumu, kiungo huanza kulegea kwa mtikisiko wa barabara zetu, na ukinzani wake ukafika tuseme sehemu moja ya kumi ya omu. Zidisha mkondo kwa mkondo, kisha kwa ukinzani: 20 mara 20 mara 0.1, unapata wati 40. Hicho ni kiasi cha joto cha chuma cha kulehemu, kikikaa chini ya dashibodi ya plastiki kati ya magoti yako na injini. Fyuzi haitakatika, kwa sababu mkondo haukuzidi. Ni kiungo tu kinachoiva polepole. Moshi unapotokea, dereva hulaumu gari la Japani.

Na ukatizaji wa umeme ufanywe katika waya wa stata, usifanywe katika waya wa pampu ya mafuta wala wa injini inayokwenda. Kikatizo cha stata kikiharibika, gari litakataa kuwaka nawe utachelewa kazini. Kikatizo cha pampu kikiharibika, injini itazimika mahali popote kitakapopenda chenyewe, labda katika mteremko wa Sachangwan na lori nyuma yako, usukani ukiwa mzito na breki zikikupungukia nguvu. Kwa sababu hiyo hiyo siungi mkono vile vifaa vya kulizima gari lililotekwa likiwa mwendoni. Sisi tuliokuwako Nairobi katika miaka ya tisini tunakumbuka jinsi wenye magari walivyotekwa kwa bastola, na tunajua kwamba hakuna king'ora kilichowahi kumtisha mtu mwenye bunduki. Aliyetekwa atoe ufunguo na ashuke.

Nyaya zenye kifuniko cha manjano karibu na usukani aghalabu ni za mifuko ya hewa. Fundi asiziguse, wala asichomechome nyaya za gari la kompyuta kwa taa ya kupimia yenye balbu badala ya mita. Kuhusu kihisi cha mtikisiko sina mengi: kisiwe kikali. Alamu inayolia kila radi inapopiga huwazoesha majirani kulala, na siku mwizi atakapokuja watageuka upande wa pili wa mto.

Jambo moja linawahusu walimu hasa kwa ajili ya likizo zetu ndefu. Alamu hula betri hata gari likiwa limelala. Ikila miliampea 20, kwa siku ni karibu nusu ya ampea-saa, na kwa mwezi mzima wa likizo ni 14 hivi. Betri ya gari dogo yenye 35 itastahimili. Lakini alamu mbovu, au iliyounganishwa vibaya, ikila miliampea 100, betri hiyo hiyo itapoteza nusu ya akiba yake kwa wiki moja. Mita ya umeme ya maabara ya shule, ikiwa na fyuzi yake, inatosha kulipima jambo hilo asubuhi moja kabla ya kumlipa fundi sehemu ya mwisho ya pesa zake.

Maana malipo na yagawanywe. Sehemu moja ilipwe kazi inapoanza, na nyingine baada ya majaribio ambayo mwenye gari ayafanye mwenyewe: boneti ikiwa wazi, injini ikatae kuitika, ikiwa imewashwa kwa rimoti bila ufunguo, breki ikikanyagwa izimike, taa ya mfuko wa hewa isibaki ikiwaka, na lile jaribio la karatasi ya fedha lirudiwe, gari likatae kama lilivyokataa kabla ya kazi. Fundi mwenye kuijua kazi yake hatachukizwa. Mtu anayeweka nyaya katika nyumba hutakiwa awe na leseni ya mamlaka inayosimamia nishati, EPRA, lakini anayezikata nyaya za gari letu tunalosafiria na watoto hatumwulizi hata cheti. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, hutahini mafundi wa umeme wa magari kwa daraja, na wapo vijana wengi wenye vyeti hivyo wanaoshindwa na wa kando ya barabara kwa sababu bei yao ni ya juu kidogo. Walimu, ambao maisha yetu yote tunawahimiza vijana watafute vyeti, tungekuwa wa kwanza kuwapelekea kazi.

Na mchoro wa kazi uandikwe: waya gani ulikatwa, rilei imewekwa wapi, ufunguo umefichwa au haukufichwa. Karatasi hiyo isiachwe ndani ya gari. Ihifadhiwe nyumbani pamoja na hati ya umiliki. Siku moja gari hilo litauzwa kwa mwalimu kijana aliyetoka kuajiriwa, naye atakuja na mkopo wake wa kwanza mkononi. Rimoti huenda itakuwa imekwisha kupotea, na king'ora kimekufa. Kabla hajahesabu pesa, aonyeshwe karatasi hiyo, ili ajue kama chini ya dashibodi ya gari analolinunua mna ufunguo wa tatu.